Wangapi Mnalala Humu?

Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa jepesi: Wangapi mnalala humu? Bi Ukoko alilisoma mara mbili, kidole kikitembea chini ya herufi, kisha akacheka peke yake. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kumtoa jasho. Kumbe ni hilo tu! Hata mtoto wa darasa la kwanza angelijibu.

Huyu Bi Ukoko hakuzaliwa na jina hilo. Alipika uji wa shule miaka thelathini kasoro miwili, na watoto waliochelewa aliwakwangulia ukoko wa chini ya sufuria ili wasishinde na njaa. Watoto wakampa jina, jina likamganda. Sasa alikuwa amestaafu na magoti yamechoka, lakini hata wazee wenzake wenye mvi walimwita hivyo hivyo, naye aliitika.

Kazi ya kuhesabu watu ilimjia hivi. Afisa afya, binti mwembamba mwenye sauti ya kusikika mpaka nyuma, aliwaita watu wa mtaa kwenye darasa moja la shule. Akawaambia, "Wazazi wangu, nimechoka kuwaletea mipango iliyoandikwa na watu wasiojua hata choo chenu kiko upande gani. Safari hii mpango mnauandika wenyewe, wa miaka mitano. Mimi nimekuja na kalamu tu."

"Na karatasi je?" akauliza fundi viatu kutoka benchi la nyuma.

"Na karatasi, baba."

"Hapo sawa. Maana kuna mwaka walileta kalamu, karatasi tukaambiwa tujitegemee."

Watu wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, kisha akaeleza. Zahanati ya mtaa ilikuwa na chumba kimoja kisichotumika, kimejaa viti vilivyovunjika miguu. Chumba hicho kitasafishwa, kipakwe rangi, kipewe kazi moja na muuguzi mmoja. Kazi gani? Wenye mtaa ndio wataamua. Lakini kwanza wajihesabu, wajijue wako wangapi, wa umri gani, wanaumwa nini. Wakachaguliwa watu kumi wa kupita nyumba kwa nyumba, kila mmoja nyumba kumi na mbili. Bi Ukoko akapewa mstari wa nyumba za kando ya mtaro, kwa kuwa anajua kusoma, tena hakuna mlango mtaani ambao hajawahi kunywa maji ndani yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mnene anayeuza mkaa, anayeishi na mumewe.

"Wangapi mnalala humu, mwenzangu?"

"Tuko sita."

Bi Ukoko akatupa jicho ndani. Aliona viti viwili, na vikombe viwili vimefunikwa kwenye sinia. "Sita?"

"Mimi, mzee, na wanangu wanne."

"Wanao si wako huko..."

"Wako kazini," muuza mkaa akamkata kauli.

Huko kazini Bi Ukoko alikujua. Mabinti wawili walikuwa mji wa mbali, wa tatu alikuwa amevuka mpaka, na wa nne, wa kiume, hakuna aliyejua alipo, mwaka wa tano huu.

"Andika, dada. Nyumba yao si ndiyo hii? Kwani wana nyingine?"

Bi Ukoko akaandika sita. Angesema nini? Mtu akuambie mwanawe ni wake, wewe useme siye?

Kwa fundi viatu ilikuwa hivyo hivyo. Huyu alikuwa mjane, rafiki wa marehemu mume wa Bi Ukoko, na walizoea kutaniana.

"Watano," alisema, misumari midogo mdomoni.

"Unalala na nani humu, shemeji? Na viatu?"

"Viatu navyo vinahesabiwa? Basi ongeza jozi ishirini. La sivyo andika mimi na wanangu wanne, na wake zao kama nafasi ipo."

"Nafasi haipo."

"Basi wake zao watalala kwao. Wanangu andika."

Mlango kwa mlango, ikawa hiyo hiyo. Vyumba vilivyofagiwa visivyo na nyayo za mtu, vitanda vilivyotandikwa bila mlalaji. Watu wakitaja majina polepole, kama anayetoa nguo nzuri sandukuni, aitazame, airudishe. Bi Ukoko aliandika kila jina lililotajwa, wala hakuharakisha mtu.

Alipomaliza kumi na moja, ikabaki yake. Aliketi mezani mchana, jua likiingia kupitia nyavu za dirisha. Akaandika jina lake. Akaandika la wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walizeeka pamoja katika nyumba ile. Ugonjwa: presha. Kisha kalamu ikasimama.

Kitinda mimba wake aliondoka miaka tisa nyuma. Alikwenda ng'ambo kulea watoto wa watu, kwa mkataba wa miaka miwili. Miwili ikazaa miwili mingine, hiyo nayo ikazaa. Kila mwaka sauti yake kwenye simu ilisema, "Mwakani, mama," na kila mwaka Bi Ukoko aliuamini mwakani huo kana kwamba ni siku ya juma, kama Alhamisi, ambayo lazima ifike.

Akainama, akaandika. Mwana. Wa kike. Miaka thelathini na mmoja. Ugonjwa: hana. Aliitazama ile hana kwa muda mrefu, moyo ukamtulia kama mtu aliyesikia mlango wa mbele ukifungwa na wote wako ndani.

*

Siku ya kupiga kura darasa lilijaa hadi madirishani. Afisa afya alikuwa amejumlisha karatasi zote, akaibandika ubaoni hesabu iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Watu mia sita na wanne. Wazee, mia moja na sitini. Wanawake wa umri wa kuzaa, mia moja hamsini na wawili.

"Mia moja hamsini na wawili!" alisema, macho yakimng'aa. "Na mtaa mzima hauna hata kitanda kimoja cha kujifungulia!"

Basi watu wakatazama ile namba, na pakawa na kimya cha ajabu. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama wote wamesikia hodi kwa wakati mmoja. Wanawake mia moja hamsini na wawili! Mtaa ulijaa ghafla. Walisikia maji yakimwagwa uani, nywele zikisukwa barazani, vichanga vikilia nyumba hii na ile.

Palikuwa na makopo matatu mezani. La kwanza lilichorwa mama na mtoto, maana yake chumba cha wazazi. La pili lilichorwa mkono uliofungwa kipimo, yaani kliniki ya presha na sukari. La tatu lilichorwa mtaro, yaani ofisi ya usafi wa mtaa. Kila mtu alipewa maharage matatu, ayagawe apendavyo.

Bi Ukoko alipofika mezani alimkumbuka wifi yake, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya miguu iliyovimba. Mkono ukaenda kwenye kopo la pili. Kisha akamwona bintiye, wazi kabisa, anaingia mlangoni na begi, tumbo limetangulia, anacheka, anasema, "Mama, nimechoka, nipe maji." Mkono ukarudi. Maharage yote matatu yakalia ndani ya kopo la kwanza.

Kopo hilo lilishinda vibaya sana. Mwenyekiti wa mtaa akafunga kikao kwa kusema siku njema zinakuja, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi la chaki likainuka. Ikabaki kikao kimoja tu cha kuthibitisha, wiki ya pili yake. Baada ya hapo mpango ungepelekwa ofisi kubwa, na ukishafika huko haugeuzwi miaka mitano.

*

Jumanne wifi yake alikwenda hospitali kubwa kuchukua dawa za presha. Ni gari mbili kwenda na mbili kurudi, na foleni katikati. Alikataa kusindikizwa. Alasiri Bi Ukoko akasikia magurudumu yakigonga mawe, akatoka nje, akamkuta fundi viatu anasukuma mkokoteni wa muuza maji, na wifi yake amelazwa juu yake kama gunia.

Bi Ukoko akaweka mikono kichwani.

"Usipige kelele, yuko hai," fundi akasema akihema. "Alianguka mbele ya kibanda changu. Nimekuletea mzigo wako, shemeji, ila njia nzima unalalamika eti dereva hajui kuendesha."

"Hajui," sauti ikatoka mkokotenini. "Kila shimo amelisalimia."

Walimwingiza ndani, wakamlaza. Dawa hakuzipata, zamu ilimfikia dirisha likifungwa, akaambiwa arudi kesho kutwa. Fundi akaenda kurudisha mkokoteni. Bi Ukoko akaketi ukingoni mwa kitanda, anampepea kwa kipande cha boksi.

"Wifi," mgonjwa akasema, "nasikia kile chumba cha zahanati mmewapa wazazi."

"Ndiyo."

"Wazazi gani?"

Bi Ukoko akaendelea kupepea.

"Nakuuliza, atazaa nani? Mimi? Nikizaa mimi watakuja watu wa magazeti."

Wakacheka. Walicheka kama wasichana, mpaka mgonjwa akakohoa na kushika kifua, na kicheko kikawafia midomoni.

"Zahanati iko hatua mia mbili kutoka hapa," wifi akasema taratibu. "Hata kwa kutambaa ningefika. Wewe uliweka maharage yako wapi?"

Bi Ukoko akamnyooshea shuka.

"Wifi. Nimekuuliza."

"Yote matatu."

"Yote matatu wapi?"

"Kwa mwanao."

Ndivyo walivyozoea kusema, maana shangazi mtu ni mama. Wifi hakukasirika. Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Hata mimi ningekuwepo ningemwekea. Lakini, wifi, nisingeweka yote."

Maneno hayo yalimkaa Bi Ukoko kooni kama mfupa wa samaki. Usiku haukupita vizuri, wala kesho yake. Alizitoa nakala za karatasi zake, akapitia nyumba zake kumi na mbili, akihesabu kwa vidole ni nani hasa anayeamka humo asubuhi na kuwasha moto. Walikuwa watu ishirini na watano. Yeye aliandika sitini na watatu. Na ili aseme hilo mbele za watu, ilimpasa aanze na karatasi yake. Hapo ndipo mkono ulipokuwa mzito. Kumfuta mtoto kwa mkono wako mwenyewe ni kusema kwa mdomo wako mwenyewe kwamba humngoji tena.

*

Jumapili simu ikalia. Alijua ni nani kabla hajaitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi hajambo?"

"Yupo, amelala." Hakumwambia habari ya mkokoteni. Nyuma ya sauti ya bintiye alisikia mtoto anaongea kwa lugha asiyoijua, na bintiye akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, haraka, bila kufikiri. "Mwanangu, nina neno. Nikuandike au nisikuandike?"

"Kuniandika wapi, mama?"

"Kwenye hesabu ya nyumba. Wanauliza wangapi tunalala humu."

Bi Ukoko akadhani simu imekatika, akaitoa sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mama," binti akasema, "huku walipita mwezi uliopita. Wanahesabu watu. Nimeandikwa huku."

"Wameandika kwamba unalala huko?"

"Ndiyo, mama."

"Walikuuliza kwenu?"

"Waliniuliza nilikozaliwa. Nikawatajia."

"Wakaandika vizuri?"

"Walikosea herufi moja. Nikasimama pale mpaka wakasahihisha."

Bi Ukoko akaitikia kwa kichwa, akasahau kwamba simuni hakionekani. Alitaka kuuliza, mwakani je? Swali lilifika mpaka kwenye meno. Akalirudisha. "Umefanya vizuri," akasema. "Watu wasikuandike ovyo ovyo."

Baada ya hapo walizungumza habari za mvua.

*

Kwenye kikao cha kuthibitisha, afisa afya alikuja na daftari la zahanati kwapani na uso uliokunjamana.

"Wazazi wangu, nina swali. Kwa hesabu yetu, wanawake wa kuzaa ni mia moja hamsini na wawili. Lakini daftari linaniambia mwaka mzima wamekuja wajawazito wawili. Wawili! Wengine wanajifungulia wapi? Msinifiche. Kama kuna mkunga anazalisha kimyakimya, simpeleki popote. Nataka kumjua tu."

Watu wakatazama miguu yao.

"Tuunde kamati ya kuwatafuta," mwenyekiti akasema.

"Tutawatafuta na tochi?" akauliza fundi viatu, lakini safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye.

Bi Ukoko akajikaza, akasimama. Magoti yalilia. "Mwanangu, hakuna mkunga. Hao unaowatafuta, mmoja ni wangu. Yuko ng'ambo, mwaka wa tisa. Nilimwandika kwa sababu... nilimwandika tu." Akaenda mezani, akaitafuta karatasi ya nyumba yake, akaomba kalamu. "Naomba nimfute."

"Kaa chini!" Muuza mkaa alikuwa ameinuka. "Ukimfuta wako, unataka sisi tufanyeje? Unataka tuonekane tumewazika wetu?"

"Sijawagusa wako, dada."

"Umewagusa! Umewagusa ulipofungua mdomo!"

"Wifi yangu alirudi Jumanne amelazwa kwenye mkokoteni," Bi Ukoko akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini darasa zima lilimsikia. "Alikwenda kutafuta dawa, chumba kiko hapa, na mimi nimempa kitanda mtu asiyekuja. Nampenda mwanangu. Lakini wifi ndiye anayelala humu."

Akainama, akapiga mstari. Haukunyooka. Tatu ikawa mbili.

Afisa afya aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani. Sasa alikuwa ameelewa. Wote walimngoja aseme jambo, awakaripie pengine, kwa kazi yote ile. Akasema tu, "Mama yangu naye sijui kama ameniandika. Nitamuuliza."

Kisha watu wakaanza kuja mezani. Hakuna aliyewaita. Walikuja mmoja mmoja, wengine mke na mume wameshikana mikono, kila mmoja anaomba karatasi yake. Ilisikika kalamu tu ikikwaruza. Mzee mmoja aliomba asomewe majina kwanza, yote, kwa sauti, ndipo afute. Akasomewa.

Fundi viatu alikaa na kalamu mkononi muda mrefu. "Nikiwafuta, halafu wakarudi?"

"Tunawaandika siku hiyo hiyo, baba," afisa afya akamwambia.

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Basi nipe penseli. Mstari wa wino nitaupiga baadaye."

Akapewa penseli. Muuza mkaa alikuja wa mwisho, machozi yamekauka mashavuni. Alifuta mabinti wawili, akafuta wa tatu. Kwa yule wa kiume akasita. "Huyu sijui alipo," akasema kwa ukali. "Wale wengine najua wanalala wapi. Huyu sijui. Huenda yuko njiani." Akaweka kalamu chini, na afisa afya hakuiokota.

Walijumlisha upya palepale. Watu mia tatu sabini na mmoja, na huyo mmoja aliyeachwa njiani. Wanawake wa kuzaa, thelathini na wanane. Wazee hawakupungua hata mmoja. Wao walikuwepo wote. Maharage yakagawiwa tena. Wale wajawazito wawili wakapangiwa gari la kuwapeleka hospitali kubwa siku zao zikifika, likaandikwa kwenye mpango kwa jina la dereva, asije akajificha. Chumba kikaenda kwa presha na sukari, kila Jumatano. Makofi hayakupigwa. Watu walirudisha madawati, wakarudi makwao, kwenye nyumba zilizokuwa zimepungua watu tangu asubuhi.

*

Jumatano ya kwanza chumba kilinuka rangi mpya. Bi Ukoko alifika na wifi yake wakishikana, wakatumia dakika kumi kwa hatua mia mbili, wakisimama kupumzika na kumsema vibaya kila aliyewapita. Wifi akapimwa, akapewa dawa zake mkononi, akazihesabu mara tatu kama mtu asiyeamini.

"Na wewe, bibi, hebu tukupime," muuguzi akasema.

"Mimi mzima, nimesindikiza tu."

"Wazima ndio wanaoniangukia."

Akampima. Presha ilikuwa juu. Muuguzi akachukua kadi mpya, akauliza jina, akauliza umri, akafika kwenye mstari mmoja. "Mtu wa kuitwa ukizidiwa?"

Bi Ukoko akafungua mdomo. Namba alikuwa nayo kichwani, anaijua kuliko sala.

"Awe mtu anayeweza kufika ndani ya nusu saa," muuguzi akaongeza bila kuinua macho.

Akaufumba mdomo. Kwenye benchi la ukutani fundi viatu alikuwa anangoja zamu yake, mkono wa shati umekunjwa. Alikuwa amesikia. "Niandike mimi, shemeji," akasema. "Kibanda changu hakina saa ya kufunga. Ila ukizidiwa, zidiwa mchana, nina usingizi mzito."

"Nizidiwe nikuite wewe? Si afadhali nife."

"Andika," fundi akamwambia muuguzi. "Amekubali."

Muuguzi akaandika. Bi Ukoko aliitazama kadi ile, mstari wa kwanza umejaa jina la jirani. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, mtupu.

"Na huu?"

"Wa pili si lazima, bibi."

"Nipe kalamu."

Akaivuta kadi karibu, akaandika mwenyewe, polepole, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Kwanza jina la bintiye. Kisha namba. Visanduku vilikuwa kumi tu, na namba ya ng'ambo ni ndefu. Vilipomalizika hakusimama, akaendelea kuandika pembeni, tarakimu zikapanda ukingo wa kadi na kugeukia juu, mpaka ya mwisho.